Baba mdogo anasema mbao zilizoungua bado zinafaa kupaulia

BARUA

Mwangaluka Fundi,

Mimi ni mwenyeji wa Igogo hapa Mwanza, ila kwa sasa nafundisha shule ya msingi upande wa Sengerema na nyumbani nafika mwisho wa wiki. Ninayokuandikia habari zake ni nyumba ya mama yangu. Iko juu kabisa kwenye mawe, gari linaishia chini, na kila kitu kuanzia saruji hadi kitanda kilipandishwa kichwani.

Mwishoni mwa Agosti iliungua usiku. Moto ulianzia darini, juu ya chumba cha mpangaji, na wanaojua wanasema ni umeme. Hakuna aliyeumia, tunamshukuru Mungu. Majirani waliuzima kwa ndoo na mchanga. Nyumba ina vyumba sita na ukumbi katikati, na dari lake ni moja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Juu ya chumba cha mpangaji na stoo hakuna paa tena. Sebuleni bati zipo, lakini ukitazama juu kenchi, zile mbao zinazobeba paa, ni nyeusi tupu. Chumba cha mama moto haukufika, ila jipsamu ililowa kwa yale maji ya kuzimia na nusu yake ikaanguka.

Tatizo langu ni ushauri, si kuukosa bali kuwa nao mwingi. Baba mdogo ni fundi wa siku nyingi, na ndiye aliyeipaua nyumba hii wakati baba yuko hai. Amekuja, ameangalia, amesema tununue bati za kuziba lile pengo tu. Hizo mbao nyeusi zikwanguliwe, zipakwe oili chafu, basi. Anasema mbao iliyopitiwa na moto inakuwa ngumu na mchwa hawaigusi. Mdogo wangu aliyeko Dar naye anapiga simu kila siku akitaka paa lote livuliwe tupaue upya, ila hela hatumi.

Nilizonazo zinatosha bati na mbao kadhaa, paa zima siwezi. Vuli ndiyo hiyo inakuja. Mama kwa sasa analala kwa dada yake Mkuyuni, lakini kila asubuhi anarudi kuangalia nyumba yake, anafagia, anakusanya vipande vya mbao vilivyoungua na kuvipikia ili asinunue mkaa.

Naomba unisaidie. Je, baba mdogo yuko sahihi? Kama hayuko sahihi, namwambiaje mzee kama yule bila kumvunjia heshima? Na kwa kuwa mvua inakaribia, nisianze na bati kwanza, mengine yafuate? Zile bati za sebuleni zinaonekana nzima kabisa, na ndizo zinazokinga maji ya tangi la mama.

Binti wa Igogo

JIBU

Pole sana, binti, na mama mpe pole zangu.

Nianze na kile ulichokitaja kwa kupita, yaani kuni. Mwambie mama aache kupikia zile mbao leo hii. Mbao nyingi za kupaulia zinazouzwa madukani zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, na ile dawa inayoziachia rangi ya ukijani mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu, na haiteketei mbao inapoungua: nyingine inapanda na moshi, nyingine inabaki kwenye majivu. Mbao ikishakuwa mkaa ule ukijani hauonekani tena, kwa hiyo msijaribu kuchambua ipi ina dawa na ipi haina. Zisipikiwe, majivu yake yasimwagwe kwenye mchicha, na kuku wasijigaragaze humo. Yanyunyizieni maji kidogo yasitimke, yajazeni kwenye viroba, yaende na gari la taka, na wahusika waambiwe ni majivu ya mbao zenye dawa. Anayefagia avae barakoa, maana vumbi la nyumba iliyoungua si la kuvuta.

Sasa tuje kwa baba mdogo. Mzee hakulitunga lile neno la mchwa. Wazee walikuwa wanachoma ncha ya nguzo kabla ya kuifukia, wakiamini mchwa na uozo vitachelewa kuifikia. Lakini nguzo ya zizi ni nene, inachomwa ngozi tu, na juu yake haibebi nyumba. Kenchi ni mbao nyembamba iliyopimiwa kazi yake, na kila milimita inayoliwa na moto inatoka kwenye hiyo kazi.

Tupige hesabu. Mbao laini kama msonobari ikishawaka huliwa kwa wastani wa milimita 0.7 kwa dakika, kila upande ulio wazi kwa moto. Mbao yako ya 2x4 ina takribani milimita 50 kwa 100. Ikizungukwa na moto kwa robo saa, inapoteza kama milimita 10 kila upande, inabaki 30 kwa 80. Ukiitazama kutoka chini bado ni mbao, tena unaweza kudhani ni nzima. Lakini ukubwa wake umeshuka chini ya nusu, na nguvu yake ya kuhimili kupinda imebaki chini ya asilimia 40 ya ile ya mwanzo. Hapo sijagusa ile ngozi ya kahawia iliyo chini ya mkaa, ambayo haijaungua ila imeshapikwa na joto na haina nguvu kama mbao yenyewe.

Maungio ni mabaya zaidi. Msumari unapitisha joto kuliko mbao, kwa hiyo moto unapita kwenye msumari na kuchoma mbao kwa ndani, kuuzunguka. Nje utaona msumari umekaa mahali pake, ndani umeshika mkaa. Upepo wa ziwani ukija kuinua paa, na huko juu kwenye mawe unapiga bila kizuizi, hapo ndipo patakapoachia.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukwangua na kupima, na haigharimu karibu chochote. Vueni bati za sebuleni mkiwa kwenye ngazi au jukwaa lililosimama sakafuni. Mtu asikanyage kenchi iliyoungua, hata kijana mwepesi. Kisha chukueni panga au patasi mkwangue mkaa hadi mbao nyeupe itokeze, mpime kilichobaki kwa tepu, na muandike kipimo kwa chaki juu ya kila mbao. Chomeni bisibisi karibu na kila ungio. Ikizama kirahisi, jibu mmelipata.

Mimi natumia kipimo kikali, na sijawahi kuona sababu ya kukilegeza. Mbao iliyoliwa ngozi tu, chini ya milimita 3, na maungio yake ni mazima, inaweza kubaki, lakini iongezewe mbao mpya ubavuni kwa urefu wake wote. Iliyoliwa zaidi ya hapo itoke. Ambayo ungio lake limeungua itoke hata kama kwingine kote ni nyeupe. Na inapotoka itoke nzima, kutoka egemeo hadi egemeo, msikate kipande cheusi na kuunga kipya katikati. Kwa papi zinazobeba bati sina mjadala, nyeusi zote zitupwe, bei yake haifikii kubishania. Mkikuta kenchi ambayo hamkubaliani, mtafuteni mhandisi wa majengo aje aitazame kabla ya kuifunika.

Mkiwa hapo juu iangalieni na lenta, ule mkanda wa zege ulio juu ya kuta. Huko kwenu mnajua wapasua mawe wanavyowasha moto juu ya jiwe hadi linapasuka lenyewe. Zege nalo lina mawe ndani yake, na joto linalitenda vilevile. Ligongeni kwa nyundo ndogo kutoka mwanzo hadi mwisho. Likilia kwa mlio mkavu ni zima, likitoa mlio wa debe tupu ngozi yake imeachia. Zege lililogeuka rangi kuwa la wekundu au waridi limepata joto la kuanzia nyuzi 300 hivi, na hapo mhandisi si hiari tena, hasa kama nondo zimejitokeza.

Umesema bati za sebuleni zinaonekana nzima. Nakuamini, ila bati hailindwi na chuma chake. Inalindwa na zinki iliyopakwa juu, na zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, joto ambalo moto wa darini unalifikia bila shida. Igeuzeni kila bati mtazame upande wa chini. Iliyopauka ikawa na unga mweupe, iliyobadilika rangi kuwa ya bluu au kahawia, iliyojikunja, au ya rangi ambayo rangi yake imetoa malengelenge, imeshavuliwa nguo. Itapata kutu mvua za kwanza tu. Ambazo zinang'aa pande zote mbili zihifadhini, lakini kwanza zioshwe kwa maji na sabuni, zisuuzwe vizuri. Masizi ya nyumba iliyoungua nyaya za umeme na mabomba ya plastiki yana asidi, na yakipata unyevu yanakula bati na misumari taratibu hata pale ambapo moto haukufika. Sehemu hii mafundi wengi wanaipuuza, halafu mwaka unaofuata wanalaumu kiwanda.

Mkienda kununua, kumbukeni geji, yaani namba ya unene wa bati, inavyohesabiwa: namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 32 ni nyepesi kuliko zote hizo. Kwa nyumba iliyo mlimani inayopigwa na upepo wa ziwa ningechukua 28, hata kama itabidi jipsamu isubiri mwakani. Misumari ipigwe kwenye mgongo wa bati, si bondeni, na mapishano ya pembeni yaelekee mbali na upande ambao upepo huwa unatokea. Kenchi mpya zifungwe kwenye lenta kwa mkanda wa chuma au nondo. Kuzilaza tu juu ya ukuta na kuzitegemea uzito wake ni kumwachia upepo maamuzi.

Mbao nunua kavu. Mwanza tunaletewa misonobari mingi kutoka misitu ya jirani kama Buhindi huko unakofundisha Sengerema na Rubya kule Ukerewe, na mbao ni nzuri, ila mara nyingine inafika sokoni ikiwa bado ina maji. Inyanyue: ikiwa nzito isivyo kawaida, iache. Ikikaukia juu ya nyumba itajipinda na kuvuta misumari. Inunue ikiwa na dawa ya kiwandani, au ipakeni dawa ya mbao wenyewe. Oili chafu hapana. Ile ni mafuta, na mafuta yanawaka. Kama kenchi za mwanzo nazo zilipakwa hiyo, sitashangaa ikiwa ndiyo iliyousaidia moto wa Agosti kukimbia darini.

Na kukimbia kwenyewe ndiko kunanipeleka kwenye jambo ambalo hamkuuliza, na ningekuwa mimi ndilo ningelipa kipaumbele baada ya kenchi. Dari lenu ni moja tangu mwanzo hadi mwisho. Moto ulioanzia kwa mpangaji ulifika sebuleni kwa sababu huko juu hapakuwa na kitu cha kuuzuia. Sasa hivi paa likiwa wazi, pandisheni ukuta wa tofali kati ya sehemu ya wapangaji na sehemu ya mama, upite dari hadi uguse bati, na mianya ijazwe saruji. Ni tofali chache. Paa likishafunikwa, kazi hiyohiyo inakuwa ngumu na hakuna atakayeifanya. Kama kuta za chini ni za tofali mbichi, muulizeni kwanza mhandisi kama zinaweza kubeba.

Mvua isikusukume kuanza na bati. Kwa Mwanza vuli huanza kushika kuanzia Oktoba, kwa hiyo muda ni mfupi, lakini kuna turubai. Nenda Kirumba kule Mwaloni, wanaohudumia wavuvi wanauza turubai nene na kamba. Litandike juu ya chumba cha mpangaji na stoo, liwe na mteremko ili maji yasituame, na lifungwe kwenye kuta au kwenye mawe, lisifungwe kwenye kenchi zilizoungua. Likifungwa vizuri litakupa nafasi ya kukwangua na kununua bila papara. Jipsamu yote iliyolowa iondoeni. Iliyopata joto nayo iondoeni hata kama bado imening'inia, kwa sababu jipsamu inazuia moto kwa kutumia maji yaliyomo ndani yake, na yakishatoka inabaki unga unaopukutika. Mpya isiwekwe mpaka mvua kubwa moja au mbili zimepita, muone kama paa linavuja.

Umeme usirudishwe na mtu wa kuunga kwa tepu. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, na nyaya zote zilizopita kwenye lile dari zibadilishwe tangu swichi hadi taa, hata zile za upande ambao haukuungua. Ganda la waya likishapata joto linakuwa gumu na kupasuka baadaye, kimyakimya, juu ya kichwa cha mama. Muulize pia kuhusu ethi, ile njia ya kupeleka umeme unaovuja ardhini. Kwenye mawe ya Igogo fimbo ya ethi mara nyingi haizami inavyotakiwa, watu wanaipinda na kuifukia juujuu. Apime kwa kifaa, akuonyeshe namba. Na kama mlikuwa hamjatoa taarifa kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, itoeni hata sasa; maandishi yao mtayahitaji kama kuna bima au mkopo juu ya nyumba. Namba yao ya dharura ni 114, iandikwe ukutani kwa wapangaji pia.

Sasa namna ya kumwambia mzee. Usimpelekee safu hii, na usimwambie kuna fundi mwingine kasema. Mwite Jumamosi, mpe tepu na chaki, umwambie, "Baba mdogo, wewe ndiye uliyeipaua, unajua kila ungio liko wapi. Naomba tukwangue pamoja tuone kila mbao imebaki na kiasi gani." Vijana wapande, yeye asimame chini aelekeze na kuandika. Anaijua ile nyumba kuliko mtu yeyote utakayemkodi, na mbao anayoijua ilikuwa 2x4 ikisoma 30 kwa 80 kwenye tepu aliyoishika mwenyewe, ataitoa bila wewe kufungua mdomo. Mlipe. Mkubaliane ujira kabla ya kazi, hata kama ni ndugu, kwa sababu fundi wa bure hakosolewi. Lile neno la oili chafu mwachie mama alisemee, shemeji yake atamsikiliza.

Kuhusu mdogo wako wa Dar: kuvua paa lote si lazima kama kenchi za upande wa mama zikikwanguliwa zinatoka nyeupe. Mpigie picha za chaki, umtumie orodha ya mbao na bei, umpe fungu moja alibebe. Ukuta wa darini ungemfaa.

Bati zilizopoteza zinki baba mdogo anaweza kuzungushia banda au uzio, ila zisirudi juu ya nyumba yoyote. Na tangi la mama liondolewe kwenye mfereji tangu sasa. Lile lililomo limwageni, mulisugue ndani, na mfereji uoshwe. Msiliunganishe tena mpaka paa jipya limenyeshewa mara kadhaa na maji yanayoshuka yameacha kuwa na weusi.